Hodi Kutoka Chini

Mume wangu hawezi kuingia nyumbani kwa watu bila kutazama dari. Wageni wengine wakikaribishwa hutazama viti, picha za ukutani, au kilichopakuliwa mezani. Yeye shingo inakwenda juu. Kwenye arusi moja kule Fisksätra, nje kidogo ya Stockholm, mjomba wa bwana arusi alipokuwa anatoa nasaha, mume wangu alikaa muda wote ameinua uso, mpaka mama mmoja nyuma yetu akasema, "Ona kijana yule anavyoomba." Nilimfinya paja. Akaninong'oneza kwamba kuna ubao wa dari haujashika vizuri, tusogeze viti. Tukasogea, mimi nikiwa na sahani ya pilau mkononi na aibu usoni. Ubao haukuanguka mpaka tunaondoka, na mpaka leo namkumbusha.

Ni mchimbaji wa chini. Kwao Kanda ya Ziwa alianzia kwenye mgodi wa dhahabu, akajifunza mashine za kuchoronga mwamba, na mashine hizo ndizo zilizomleta Uswidi kwa mafunzo, kisha kwa kazi, kisha akanileta na mimi. Hapa Stockholm hakuna dhahabu. Kuna mwamba tu, na Waswidi wanapenda kupitisha kila kitu ndani yake: treni, magari, maji machafu. Kazi yenyewe ni ileile ya nyumbani. Unachoronga matundu, unapakia baruti, unatoka, unalipua, unangoja moshi uishe, unarudi kugonga dari na kuangusha mawe yaliyolegea. Nilipomweleza mama yangu kwa simu kwamba mkwe wake analipwa kwa kuchimba shimo na kutupa jiwe lote linalotoka, aliuliza kama tunakula vizuri.

Tunakula vizuri. Ila tunakula na vumbi. Nguo za kazi anaziacha hukohuko kazini, anaoga hukohuko, anakuja amependeza kama mtu wa benki, na bado nikifua shuka zake maji yanatoka ya kijivu. Vumbi la mwamba lina akili, linajificha masikioni. Wakati wa baridi anatoka nyumbani gizani, anafanya kazi gizani, anarudi gizani, na Jumamosi jua likichomoza anasimama dirishani amefumba macho, hataki kusemeshwa. Watoto wanampita kwenye ncha za vidole.

Halafu kuna sheria ya friza. Mke wa mchimbaji hamwachi mumewe aende zamu wamenuniana. Hiyo nilifundishwa na mama mkwe wangu siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajanionyesha choo kiko wapi. Mimi nina hasira za karibu, na mume wangu ana kipaji cha kuziamsha pale anapovaa viatu mlangoni. Basi nimejifunza kuugandisha ugomvi. Nasema, "Nenda salama, baba watoto," kwa sauti laini kabisa, na ugomvi nauweka kwenye friza. Akirudi, akishakula na kupumzika, nautoa. Hauharibiki hata kidogo.

Hayo yote ni ya kawaida. Nililotaka kulisimulia ni la jirani yetu wa chini, na jinsi nilivyokaribia kumkosa.

Tunaishi Tensta, ghorofa ya tatu. Chini yetu anaishi mama mmoja Mrundi, mjane, mtu wa Bujumbura, aliyefika huku zamani na binti mmoja mkononi. Nilipokuja sikuwa na ndugu wala rafiki, na Kiswidi changu kilikuwa cha kununulia mkate tu. Yeye ndiye aliyenipokea. Watoto wangu wote wawili walianza kutembea kwenye zulia lake. Wakitoka shule wanapita kwake kwanza. Yeye anawasemesha Kiswahili, wao wanajibu Kiswidi, na maharage yanaliwa bila mkalimani. Mimi ananiita binti yangu, mume wangu anamwita mkwe, na mume wangu kwa adabu za kwao akikutana naye ngazini anavua kofia hata kukiwa na theluji. Kwa kifupi, huyo ni mama yangu wa Uswidi, na sina mwingine.

Mwaka handaki alilokuwa anachimba mume wangu lilipofika chini ya mtaa wetu, mimi nilifurahi. Miaka yote mume wangu alikuwa anafanya kazi mahali nisipopaona wala kupasikia, na mimi naangalia saa. Sasa mchana, nikiwa jikoni baada ya zamu yangu ya kupika shuleni, sakafu inatetemeka, vikombe vinagongana kabatini, na mwanangu mdogo anasema bila hata kuinua macho kwenye simu yake, "Pappa hälsar," yaani baba anasalimu. Nilijua kwamba hakuna anayelipua kabla watu wote hawajatoka na kuhesabiwa. Kwa hiyo vikombe vikigongana, mume wangu yuko nje ya shimo na mzima. Sijawahi kupata salamu tamu kama ile, nakwambia.

Kwa jirani yangu sakafu hiyohiyo ilisema jambo lingine. Alikuwa amepita vitani. Hakuwa mtu wa kusimulia, ila kila mlipuko ulipopigwa alikuwa anakwenda kukaa kwenye korido ndogo ya nyumba yake, mahali pasipo na dirisha, ameshika mkoba wenye vitambulisho. Nilimkuta hapo siku moja nilipomfuata mtoto. Akaniambia, "Binti yangu, wa kwanza si shida. Ukisikia wa kwanza uko mzima. Shida ni kukaa kungojea ule wa pili."

Wenye kazi walikuwa wanatuma ujumbe wa simu kabla ya kulipua, lazima tuseme ukweli. Lakini ujumbe ulikuwa wa Kiswidi, na simu ya mama huyu ilikuwa ya kupigia na kupokelea tu; ujumbe ukiingia alidhani ni matangazo ya biashara. Mimi nilijitahidi kumwambia, lakini nusu ya siku niko shuleni napakua viazi. Akaanza kukonda. Binti yake, ambaye siku hizi anaishi Malmö, kusini kabisa mwa nchi, akaanza kumtafutia nyumba ya kubadilishana huko. Na hapa mjini kila mtu anajua: mkataba wa nyumba ukishauachia, kuupata tena ni mpaka uote mvi. Akienda, ameenda.

Sikuweza kulala vizuri kwa wazo hilo. Nilimwonea hasira binti yake, nikawaonea hasira wenye handaki, na kwa kuwa mwenye handaki mmoja nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, friza ilijaa.

Ikawa Jumapili moja, kwangu ndiko ilikokuwa zamu ya chai. Tuko kikundi cha kina mama, Watanzania, Warundi na Mkongomani mmoja mwenye kucheka sana. Tunakutana baada ya ibada, tunakunywa chai, tunakula maandazi, tunasengenya kiasi. Mume wangu alikuwa amelala chumbani, ametoka zamu. Mazungumzo yakaja kwenye milipuko. Huyu akasema picha yake imeanguka, yule akasema paka wake hali. Jirani yangu alikuwa anageuzageuza kikombe tu. Halafu akakiweka mezani.

"Mimi niko najiuliza kitu kimoja," akasema. "Yule mwanaume mwenye anapasua huko chini, mama yake hakumufundisha kupiga hodi?"

Kina mama wakaangua kicheko. Mkongomani akajipiga mapajani. Lakini yeye hakucheka.

"Hapana, nauliza kweli. Mtu anakuja mpaka chini ya kitanda changu, anapiga, anakwenda. Hasemi hodi, hasemi kwaheri. Hata mwizi anaogopa. Huyu haogopi. Ni malezi gani hayo?"

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mume wangu, ambaye nilidhani yuko usingizini, alikuwa amesimama pale na nywele zimelala upande mmoja, amevaa ile suruali ya ndani ya baridi inayobana miguu, mbele ya mkwe wake na nusu ya wanawake wa kanisa. Nilitamani mwamba upasuke nimezwe. Mkongomani akasema, "Oh, pardon," akageuza uso, ila si sana.

"Ni mimi, mama," akasema mume wangu. "Anayepasua ni mimi."

Jirani yangu alijua mkwe wake anafanya kazi ya ujenzi. Ujenzi gani, hakuwahi kuuliza, na sisi hatukuwahi kueleza; na tangu nilipomkuta kwenye korido, mimi niliona aibu kusema. Kwake mtu wa ujenzi ni mtu wa kupanda juu, anapanga matofali. Alimtazama kuanzia nywele mpaka soksi.

"Weye?"

"Mimi na wenzangu. Mama alinifundisha hodi. Nimekosa. Naomba radhi."

Kisha akagundua alivyovaa, akarudi ndani haraka na kufunga mlango. Kina mama wakacheka mpaka chai ikamwagika, na mimi nikacheka nao, lakini nilimwona jirani yangu amekaza macho kwenye ule mlango uliofungwa.

Sasa mume wangu ana tabia moja: ukimwambia jambo la adabu, analichukua kama amri ya serikali. Kesho yake akaenda kwa msimamizi wake wa milipuko, Mfini mmoja wa makamo, mtu wa Finland, ambaye kwa siku hutoa maneno machache kuliko mti. Akamweleza habari yote. Kwamba kwetu mtu haingii kwa mtu bila kubisha hodi, na kungoja aambiwe karibu. Kwamba juu ya handaki kuna mama aliyepita vitani, ambaye hakubishiwa hodi. Na kwamba mama huyo ni mkwe wake. Mfini akafikiri muda mrefu. Akasema jambo hilo halimo kwenye taratibu, lakini pia hakuna mahali lilipokatazwa. Akaomba afundishwe hilo neno.

Basi ikawa hivi. Watu wakishatoka wote na kuhesabiwa, kabla ya king'ora, mmoja anapiga simu. Akiwa zamu ni mume wangu, anapiga mume wangu. Asipokuwepo, anapiga Mfini.

Nilikuwepo siku ya kwanza. Simu ililia, jirani yangu akaiangalia kama mdudu, akapokea, akasikia sauti ya mkwe wake inasema, "Hodi, mama." Akajitengeneza kanga begani, akasema, "Karibu. Ingia polepole." Punde sakafu ikatikisika, vikombe vikalia, naye akabaki ameketi kitini, sebuleni, kando ya dirisha. Hakwenda kwenye korido. Ila mkono wake ulikuwa umeshika mkoba bado.

Jioni alimwita mume wangu. Akampa chai, akamngoja anywe. Kisha akamwambia, "Mkwe, hodi nimesikia. Lakini mtu akiondoka haagi? Mimi nimekaa mpaka jua limetua nangojea wa pili."

Ikaongezwa ya kuaga. Mlipuko ukishapigwa, mmoja anapiga tena: "Kwaheri, mama. Leo hakuna tena." Naye anajibu, "Haya, mwende salama." Siku alipoanza kusikia hiyo kwaheri ndipo mkoba wa vitambulisho ulipotundikwa kwenye msumari wake.

Mfini alijifunza yote mawili. Alikuwa anasema "hoti" badala ya hodi, kwa sauti nzito ya mtu anayesoma tangazo la msiba, na jirani yangu alikuwa anaitikia kwa heshima zote, kisha akishakata simu anajifunika kanga usoni na kucheka. Wiki moja baadaye mama alianza kumuuliza hali ya mke wake. Mfini hakuelewa hata neno moja, akawa anajibu "jaa, jaa," yaani ndiyo, ndiyo.

Nilidhani yamekwisha. Lakini maji yalikuwa yameshatiwa unga kule Malmö. Binti yake alikuwa amepata nyumba, vyumba viwili, karibu na kwake, na yule mwenye nyumba hiyo alikuwa tayari kuhamia Tensta. Akaja na karatasi za kubadilishana mikataba. Ni mtu mwema huyu binti, anafanya kazi, anampenda mama yake, wala sikuwa na haki ya kumchukia. Nilimchukia kiasi kidogo tu. Mama aliniita nishuke niwepo, maana, alisema, jambo la familia haliamuliwi bila mtoto mwingine. Nikashuka na maandazi na roho iliyokunjamana.

Mama alikuwa ameshashika kalamu. Binti alikuwa anamwonyesha pa kutia sahihi. Simu ikalia.

"Hodi, mama." Ilikuwa sauti ya mume wangu, niliisikia mpaka nilipokuwa.

"Karibu, mwana wangu. Ingia polepole."

Sakafu ikatetemeka. Binti, ambaye hakuwa amewahi kuusikia mlipuko ule akiwa pale, aliruka akashika meza. Mama hakuruka. Alikuwa ameshika kikombe chake kwa kidole kimoja kisipige kelele, kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Haya mama, tia sahihi," binti akasema, amejishika kifua. "Unaona mwenyewe hapa hapakaliki."

"Ngoja. Hajaaga."

Tukangoja. Kwa kawaida kwaheri hufika chai ikiwa bado ya moto. Siku ile chai ikapoa. Binti akatazama simu, akanitazama mimi. Mama alikuwa ameweka kalamu chini, macho kwenye simu. Najua kwamba wakati wa mlipuko wote wako nje. Najua pia kwamba mwamba hausomi taratibu. Mikono yangu ilikuwa baridi, nikaificha chini ya kanga, na mama, bila kuniangalia, akaingiza mkono wake chini ya kanga akaishika.

Tukakaa hivyo, yeye na mimi, na sakafu imenyamaza.

Simu ikalia. Mama akaiwahi.

"Kwaheri, mama. Leo hakuna tena." Ilikuwa sauti ya mume wangu, na nyuma yake watu wanacheka. "Utuwie radhi. Leo nilimpa Mfini apige yeye ya kuaga, akabonyeza namba siyo. Amemuaga Mswidi mmoja huko Rissne. Mfini akamtafsiria, yule bwana akauliza ni kitu gani hakitakuwepo tena leo, wakabaki wanabishana."

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi machozi yalinitoka pia, kicheko kilichelewa kidogo.

"Mwende salama," akasema. "Na Mfini umuambie nimeisikia kwaheri yake."

Kisha akazikusanya zile karatasi, akazilinganisha pembe vizuri, akamrudishia binti yake.

"Mwana wangu, asante. Nitakuja Malmö, nitakaa kwako mwezi mzima, utanichoka. Lakini nyumba siiachi. Mimi nikienda, hawa watamuaga nani?"

Binti akanitazama, nikaangalia maandazi. Akamtazama mama yake aliyekuwa ameketi kando ya dirisha, mgongo umenyooka, simu mapajani. Akavuta pumzi, akachukua andazi. Namshukuru mpaka leo kwa andazi lile.

Siku hizi handaki limesonga mbele, limepita mtaa wetu. Vikombe vyangu vimetulia kabatini. Majirani wamefurahi, paka wa yule mama anakula. Mimi ndiye niliyerudi kule nilikoanzia, kuangalia saa. Sikumwambia mtu. Nilisema mara moja tu, nikiwa na jirani yangu kwenye chumba cha kufulia, kwamba nyumba imekuwa kimya sana.

Siku ya pili yake nilikuwa nakatakata vitunguu. Bomba la kupashia joto, lile linalotoka chini na kupita kando ya dirisha langu, likalia: ngo. Nikadhani ni maji. Baada ya kitambo likalia tena: ngo, ngo. Nikashuka na kisu mkononi. Jirani yangu alinifungulia mlango, kijiko cha chuma mkono mmoja, simu mkono mwingine.

"Hawajaacha kupiga simu, hata kama mimi sisikii kitu tena," akasema. "Moja ni hodi, mbili ni kwaheri. Sasa kwenda upike, mumeo mzima."

Ndivyo tunavyoishi. Hata sasa, wakati naandika haya, bomba limeshalia mara moja, na nimekuwa nikiandika kwa sikio moja. Asubuhi mume wangu aliondoka ameacha taulo lenye maji juu ya kitanda, kwa mara ya ngapi sijui, na nilimwambia nenda salama kwa sauti laini mno.

Ngo, ngo.

Basi nabandika maji ya chai, na ugomvi wa taulo nautoa kwenye friza uanze kuyeyuka, maana mwenyewe anarudi.